Njaa isiyoisha: Watoto wenye sindromu ya Prader-Willi

Mtoto mwenye sindromu ya Prader-Willi huzaliwa akiwa hana nguvu ya kunyonya, na miaka michache baadaye huwa hawezi kuacha kula. Hali hizo mbili zina chanzo kimoja: kipande kidogo cha kromosomu ya 15, ambacho mtoto alipaswa kukirithi kwa baba yake, hakipo au hakifanyi kazi. Inakadiriwa kwamba maradhi haya humpata mtoto mmoja kati ya kila 10,000 hadi 30,000 wanaozaliwa, wavulana kwa wasichana, katika kila jamii ya dunia. Tanzania pekee huzaliwa zaidi ya watoto milioni mbili kwa mwaka. Kwa makadirio hayo, kila mwaka huongezeka watoto wa namna hii wasiopungua 60, na huenda wakafika 200. Wengi wao hukua wakiitwa walafi na wadokozi, huku mama zao wakisemwa kwa kushindwa kulea, ilhali chanzo cha njaa hiyo kimo ndani ya ubongo na hakihusiani hata kidogo na malezi.

Jina la maradhi limetokana na madaktari wawili wa Zurich, nchini Uswisi, Andrea Prader na Heinrich Willi. Mwaka 1956, wao na mwenzao Alexis Labhart walichapisha maelezo ya wagonjwa tisa wafupi, wanene, waliochelewa kujifunza, ambao wote walikuwa wamelegea mno walipokuwa wachanga. Hawakuwa wa kwanza kukutana na hali hiyo. Daktari Mwingereza John Langdon Down, yuleyule ambaye jina lake limebaki katika sindromu ya Down, alikwisha kumweleza msichana mwenye dalili zinazofanana katika maandishi yake ya mwaka 1887. Ushahidi wa zamani zaidi huenda ni michoro miwili iliyomo katika jumba la makumbusho la Prado, Madrid. Ilichorwa na Juan Carreño de Miranda yapata mwaka 1680, na inamwonyesha Eugenia Martínez Vallejo, mtoto wa miaka sita hivi aliyepelekwa katika kasri la mfalme wa Hispania ili watu waushangae unene wake. Madaktari kadhaa walioichunguza sura hiyo, yaani mdomo mdogo, vikono vidogo na mafuta yaliyojaa kiunoni na mapajani, wanaamini alikuwa na sindromu hii. Hakuna tena namna ya kuthibitisha. Kinachoonekana wazi katika uso wake ni mtoto asiyefurahia kutazamwa.

Kila mtu ana nakala mbili za kromosomu ya 15, moja ya mama na nyingine ya baba. Kwa jeni nyingi mwilini, nakala zote mbili hufanya kazi. Katika eneo moja la kromosomu hii mambo ni tofauti: jeni kadhaa zilizotoka kwa mama huwekewa alama ya kikemikali inayozizima, na mwili hutegemea za baba peke yake. Ni kama chumba chenye taa mbili ambazo moja imezimwa makusudi. Ile nyingine ikiungua, chumba huwa giza. Watafiti wa Marekani waligundua mwaka 1981 kwamba wagonjwa wengi wamepungukiwa na kipande cha eneo hilo, na baadaye ikabainika kwamba kipande kinachokosekana daima ni kile cha upande wa baba. Hao ni takriban asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Wengine, kama robo hadi theluthi, wana kromosomu zote mbili zikiwa kamili, ila zote zimetoka kwa mama. Waliobaki ni wachache sana. Wana nakala ya baba, lakini kasoro katika alama za kikemikali imeifanya inyamaze kama ya mama. Kipande hichohicho kikipotea upande wa mama badala ya baba, mtoto hupata maradhi mengine kabisa, sindromu ya Angelman, yenye degedege, kutoweza kusema na kucheka mara kwa mara.

Karibu kila mara hitilafu hii hutokea kwa bahati mbaya wakati mbegu ya baba au yai la mama linapoumbika, au katika siku za mwanzo kabisa za mimba. Haisababishwi na chakula alichokula mama, dawa aliyomeza, ugomvi wa ndoa wala jicho la mtu. Kwa aina mbili za kwanza, uwezekano wa wazazi walewale kupata mtoto mwingine wa namna hii haufiki asilimia moja. Katika ile aina ya mwisho, baba anaweza kuwa amebeba kasoro bila kujijua, na hapo uwezekano unaweza kufika nusu kwa nusu. Ndiyo maana haitoshi kuambiwa jina la maradhi tu. Familia inahitaji kujua pia ni aina ipi.

Dalili huanza tumboni. Mama aliyekwisha kuzaa kabla huhisi kwamba huyu hachezi kama wenzake. Akizaliwa, hulia kwa sauti nyembamba au halii kabisa, na mkunga akimnyanyua, mikono na miguu huning'inia. Akiwekwa titini hushika chuchu, huvuta mara mbili tatu, kisha husinzia. Haamki kudai maziwa hata saa nne zikipita. Kwa wavulana, mara nyingi korodani huwa hazijashuka. Watoto wengi wa aina hii hulazimika kulishwa kwa mpira unaopitishwa puani hadi tumboni, kwa wiki au hata miezi kadhaa, na mama hukamua maziwa mchana na usiku. Kwa kuwa kichanga aliyelegea hufikiriwa kwanza kuwa na maambukizi ya damu au kuwa alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, ni rahisi sindromu hii kupita bila kutambuliwa. Kichanga mlegevu asiyenyonya, ambaye vipimo vya kawaida havionyeshi sababu, anastahili kufikiriwa kipimo cha vinasaba. Damu kidogo inatosha: maabara husoma zile alama za kikemikali juu ya kromosomu ya 15, na kipimo hicho hutambua zaidi ya asilimia 99 ya wenye maradhi haya. Tatizo ni kwamba maabara zenye uwezo huo ni chache Afrika Mashariki, na gharama yake ni kubwa kwa familia ya kawaida.

Mtoto huyu hukaa akikaribia mwaka mmoja na hutembea akikaribia miaka miwili. Maneno nayo huchelewa. Katika kipindi hicho wazazi hupata nafuu ya aina yake, kwa sababu nguvu za misuli huongezeka, mpira wa puani huondolewa na mtoto huanza kula kama watoto wengine. Mstari wake katika kadi ya kliniki, uliokuwa umelala chini, hupanda na kuingia mahali pake. Kati ya miaka miwili na minne na nusu hivi, mstari huo huanza kupanda kupita kiasi, ingawa mtoto hajaongeza kula. Hii ndiyo hatua inayodanganya zaidi. Familia iliyohangaika kumnenepesha huona mashavu yamejaa na kumshukuru Mungu, na majirani husifu afya yake, wakati mwili umekwisha anza kuhifadhi mafuta kwa chakula kilekile ambacho jana kilikuwa kinatosha. Katika miaka inayofuata hamu ya chakula huongezeka, na yapata umri wa miaka minane huingia ile njaa inayoujulisha ulimwengu maradhi haya. Umri hutofautiana kwa mtoto na mtoto, lakini mpangilio wa hatua hizo ni uleule.

Njaa yenyewe ni ngumu kwa mtu mwenye afya kuielewa. Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, inayopokea taarifa kutoka tumboni, katika damu na katika mafuta ya mwili, kisha hutoa amri ya kula au kuacha. Kwa mtoto mwenye Prader-Willi, amri ya kuacha haifiki. Sahani kubwa ya ubwabwa ikimalizika, tumbo limejaa lakini ubongo bado una njaa ileile ya kabla ya kula. Atakwangua ukoko, atakunywa mchuzi uliobaki sufuriani, ataamka usiku wa manane na kwenda jikoni kimyakimya. Wapo wanaokula unga mbichi, nyama iliyogandishwa, chakula cha kuku au makombo yaliyotupwa. Mtoto ambaye kwa mengine yote ni mkweli atadokoa na kukana huku vidole vina mafuta. Kumwita mwizi ni kumwonea. Anatii amri ya mwili ambayo binadamu yeyote angeitii kama angeisikia kila dakika ya maisha yake.

Juu ya hayo, mwili wake hutumia nguvu kidogo. Misuli ni michache na mwendo ni mdogo, kwa hiyo mahitaji yake ya chakula ni takriban asilimia 60 hadi 80 tu ya mahitaji ya watoto wa rika lake. Akila sawasawa na ndugu zake, si zaidi, atanenepa. Akiachwa ale anavyotaka, unene unaweza kufikia kiwango cha kuhatarisha maisha akiwa bado shuleni, pamoja na kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na moyo kushindwa kusukuma damu.

Kuna hatari nyingine isiyosubiri miaka. Watoto hawa hutapika kwa nadra na husikia maumivu kidogo kuliko wengine. Aliyevamia sinia la pilau harusini anaweza kujaza tumbo hadi ukuta wake ukakosa damu na kuoza, au ukapasuka, bila kulalamika kwa kiasi kinacholingana na hatari. Vifo vya namna hiyo vimetokea, hata kwa wasio wanene. Tumbo lililovimba, kutapika kwa mtu ambaye huwa hatapiki, au kukataa chakula kwa mtu ambaye hajawahi kukikataa, ni sababu ya kumkimbiza hospitali saa hiyohiyo. Wengine hukabwa na chakula kwa kula haraka na kwa kificho, wakimeza matonge bila kutafuna.

Tabia zinazowasumbua zaidi walezi na walimu hazitenganishiki na njaa hiyo. Kati ya miaka mitatu na mitano, mtoto aliyekuwa mpole na mcheshi huanza kupandwa na hasira kubwa kwa jambo dogo: uji umechelewa, njia ya kwenda shule imebadilishwa, bakuli si lile la jana. Hugaragara, hupiga kelele na kurusha vitu, na hasira ikiisha hujuta na kuomba radhi kwa machozi. Huuliza swali moja mara ishirini ingawa kila mara amejibiwa. Hupenda kupanga vitu kwa mstari na kukusanya karatasi, kalamu na vifuniko vya chupa. Wengi huchokonoa ngozi, na kipele kimoja cha mbu hugeuka kidonda kisichopona kwa miezi kadhaa. Kiwango cha akili kwa wengi ni cha upungufu mdogo. Hujifunza kusoma, na baadhi yao hushangaza kwa wepesi wa kupanga picha za vipande vipande kuliko watu wazima walio karibu nao. Wana kumbukumbu nzuri ya mambo ya muda mrefu, huruma kwa wadogo na mapenzi makubwa kwa wanyama. Kinachowashinda ni kubadili wazo kwa ghafla, na hilo hukasirisha watu kuliko upungufu wa akili, kwa sababu kwa nje linafanana na ukaidi.

Adhabu haisaidii. Fimbo haifundishi haipothalamasi kushiba, na mawaidha marefu katikati ya hasira huongeza moto. Kinachosaidia, kwa ushahidi wa familia na waganga waliotumia miaka mingi na wagonjwa hawa, ni mambo mawili yanayokwenda pamoja. La kwanza ni chakula kuwa mbali na mkono: jiko lina mlango na mlango una kufuli, kabati na jokofu vimefungwa, taka hutolewa nje, na pesa hazizagai. La pili ni ratiba isiyobadilika. Mtoto anajua atakula saa ngapi, atakula nini na kiasi gani, na saa ile ikifika chakula kinakuja kweli. Hapo hutokea jambo ambalo wazazi wengi hawalitarajii: mtoto hutulia. Akiwa hana shaka kwamba atakula, na hana matumaini ya kupata cha ziada, hupumzika kutoka kwenye kazi ya kuwaza chakula kutwa nzima, na akili hupata nafasi ya kucheza na kusoma. Kufuli, ambalo kwa jirani linaonekana kama ukatili, kwake ni nafuu.

Katika mazingira ya Uswahilini kazi hii ina ugumu wake. Mtoto wa mtaa hula popote chakula kilipomkuta, na kumnyima mtoto wa mwenzako ni aibu. Bibi hawezi kuona mjukuu akiomba andazi asimpe; mgeni huja na biskuti mfukoni; nje ya geti la shule kuna mama wa mihogo na kijana wa barafu. Mlezi analazimika kumweleza kila mmoja wao, kwa jina la ugonjwa, na kurudia. Mwalimu wa darasa aambiwe asitumie pipi kama zawadi, asimpe mtoto huyu zamu ya jikoni, na amjulishe mapema ratiba ikibadilika. Katika harusi au msiba, sahani yake ipakuliwe pembeni kabla ya sinia kuwekwa mkekani, na awepo mtu mmoja aliyekabidhiwa kumwangalia. Akikabidhiwa watu wote kwa pamoja, kila mmoja hudhani mwingine anamtazama. Nyumbani, chakula cha familia nzima kinaweza kumfaa: mboga za majani nyingi, maharage, samaki wa kuchemsha, tonge dogo la ugali, na maji badala ya soda na juisi. Mazoezi ya kila siku, hata kutembea tu, yana faida maradufu kwa sababu hujenga misuli aliyozaliwa bila nguvu yake.

Haipothalamasi husimamia mengi zaidi ya njaa, na ndiyo maana orodha ya matatizo ya kiafya ni ndefu. Homoni ya ukuaji ni pungufu, hivyo watoto hubaki wafupi, wenye viganja na nyayo ndogo. Balehe huja nusu au haikamiliki, na mifupa hudhoofika mapema. Usingizi una kasoro: wengi hukatika pumzi usiku na kusinzia mchana, na mwalimu asiyejua huona uvivu. Uti wa mgongo hupinda kwa upande katika sehemu kubwa ya watoto, hata wadogo, kwa hiyo mgongo uchunguzwe kila mwaka. Makengeza ni ya kawaida. Mate ni mazito na machache, na meno huoza upesi. Joto la mwili nalo halidhibitiwi vizuri, kiasi kwamba mtoto anaweza kuwa na nimonia bila homa, au akatembea na mfupa uliovunjika akilalamika kidogo tu. Daktari asisubiri homa wala kilio ili aamini kwamba huyu anaumwa.

Tiba ya kuponya haipo. Sindano za homoni ya ukuaji, zilizoidhinishwa Marekani kwa maradhi haya mwaka 2000, zimebadilisha sura ya ugonjwa katika nchi zinazozimudu. Huongeza kimo, hukuza misuli na kupunguza mafuta, na watoto wanaoanza mapema huendelea vizuri zaidi kimwili na kiakili. Huchomwa chini ya ngozi kila siku kwa miaka mingi, na hazianzwi kabla ya kupima upumuaji wa usingizini, kwa sababu vifo viliripotiwa kwa watoto wanene sana au wenye matatizo ya pumzi. Kwa njaa yenyewe, dawa za kawaida za kupunguza hamu ya kula hazikufua dafu, na upasuaji wa kupunguza tumbo haushauriwi kwa wagonjwa hawa. Machi 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza mahsusi kwa njaa ya Prader-Willi, diazoksaidi kolini, kwa wenye umri wa miaka minne na zaidi. Dawa hiyo hupunguza makali ya njaa bila kuiondoa, huweza kupandisha sukari, kuvimbisha mwili na kuotesha nywele, na haimfanyi mtu afungue kufuli.

Ujana huleta mtihani mwingine. Baadhi hupata maradhi ya akili, ya kusikia sauti au kuamini mambo yasiyokuwepo, na hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa wale ambao kromosomu zao zote mbili za 15 zilitoka kwa mama. Mabadiliko hayo mara nyingi huja kwa ghafla na hutibika kwa dawa za hospitali, mradi yasichukuliwe kuwa ni ukaidi uleule uliozidi. Wanaume huwa hawazai. Wanawake wachache wamewahi kuzaa, kwa hiyo elimu ya uzazi na ulinzi dhidi ya wanaoweza kumrubuni msichana kwa chakula ni sehemu ya matunzo.

Wagonjwa waliodhibitiwa uzito tangu utotoni sasa wanafika umri wa makamo na kuupita. Huweza kufanya kazi zenye mpangilio, kama kufuma, kutunza bustani au kupanga vitabu maktaba, ilimradi mahali pa kazi pasiwe na chakula wazi. Lakini njaa haipungui kwa umri kwa walio wengi, na mtu wa miaka 30 anayejua kusoma, kuhesabu na kueleza vizuri hatari ya unene bado hawezi kuachwa peke yake na jokofu. Ulaya na Marekani zipo nyumba maalumu zinazowalea watu wazima hawa kwa ratiba na kufuli zilezile za utotoni. Mahali ambapo hazipo, kazi hiyo ni ya ukoo, na wazazi wenye busara huianza mapema: humtaja mrithi wa ulezi wakiwa bado na nguvu, na kumkalisha na mtoto kwa miezi kadhaa ajifunze saa za chakula, kiasi cha kila sahani, na maneno yanayomtuliza na yale yanayomchokoza.